Injini imekamata, krenki haizunguki kabisa: nataka kuishusha mwenyewe nyumbani, bolti za konveta nazifikiaje?

Boneti Wazi

Habari zenu wakuu.

Nina gari dogo la saluni, la petroli, silinda 4, lita 1.5, otomatiki, linavuta kwa magurudumu ya mbele. Wiki mbili zilizopita nikiwa barabarani injini ilianza kugonga, tok tok tok, mlio mzito wa chini, si ule mwembamba wa valvu. Nikajipa moyo kwamba nitafika. Nikaendelea kama dakika kumi, gari likaishiwa nguvu, taa zote za dashibodi zikawaka, likajizima. Nilipowasha tena nikasikia "tak!" moja ya stata na taa zikafifia. Nikarudia mara nne tano mpaka waya wa betri ukapata moto, ndipo nikaacha. Likavutwa hadi nyumbani.

Nieleze yote ili nisaidiwe vizuri. Kabla ya hapo, kwa karibu mwezi mzima, taa ya oili ilikuwa inapepesa gari likiwa limesimama na injini imeshachemka. Nikikanyaga mafuta kidogo inazima. Nilipima oili kwa kijiti nikakuta imejaa, nikaamini sensa ndiyo mbovu. Hilo linaniuma mpaka leo.

Nimepata injini iliyotumika ya aina ileile. Nina sakafu ya zege, jeki ya magurudumu, stendi 4, seti ya soketi, na rafiki yangu ameniazima kreni ya kunyanyulia injini. Sijawahi kushusha injini, ila nimeshabadili klachi, draivshafti na gasketi ya silinda hedi kwenye gari langu la zamani, kwa hiyo spana si ngeni mkononi mwangu.

Kinachonikwamisha ni hiki: kitabu cha gari kinasema kabla ya kutenganisha injini na giaboksi, fungua bolti 6 za konveta (kile chungu cha oili kinachopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi ya otomatiki) kupitia kitundu cha chini, huku ukizungusha krenki (shafti kuu inayozungushwa na pistoni) ili kila bolti ije mbele yako. Krenki yangu haizunguki! Naiona bolti moja, na ya pili naiona nusu. Zile nyingine nazifikiaje? Na je, kuna hatua nyingine za kitabu ambazo hazifanyiki injini ikishakamata?

Namba 19

Pole sana mkuu. Kabla hujafungua chochote, umethibitisha kwamba kilichokamata ni injini yenyewe? Nimeshashuhudia injini nzima ikishushwa, kumbe kilichokufa ni kompresa ya AC. Beringi yake ikishika, belti haizunguki, stata inapiga "tak" na taa zinafifia vilevile kama ulivyosema. Huo mlio wa kugonga unaelekeza kwenye injini, sikatai, lakini hakikisha.

Toa belti ya nje, kisha zungusha kwa mkono alteneta, kompresa na pampu ya pawastelingi, kila moja peke yake. Toa stata kabisa, maana meno yake yakinasa kwenye flaiwili (gurudumu lenye meno nyuma ya krenki), krenki nayo haitikisiki. Toa plagi zote. Halafu weka soketi kwenye bolti ya puli ya krenki, mpini mrefu, na uvute upande wa kukaza bolti. Ukivuta upande wa kulegeza, bolti itafunguka wewe ukidhani krenki imezunguka.

Ukiona maji yanaruka kwenye tundu la plagi, tuambie haraka. Silinda ikijaa maji pistoni haipandi, kwa sababu maji hayabanwi kama hewa, na hapo tiba ni nyingine.

Boneti Wazi

Nimefanya jioni hii. Alteneta laini, kompresa inazunguka, pampu inazunguka. Stata nimeitoa, meno yake mazima. Plagi zote 4 kavu, hakuna hata tone la maji.

Krenki: soketi namba 19, mpini wa sentimita 60, kisha nikachomeka bomba la chuma la mita moja juu ya mpini. Haikusogea hata upana wa jino moja la flaiwili. Bolti ilipoanza kulia nikaacha.

Nikaenda mbele kidogo, nikamwaga oili. Ilitoka nyeusi, lakini juani inameremeta kama imetiwa unga wa dhahabu. Nimeichuja kwa kitambaa, zimebaki chembe nyembamba za rangi ya shaba. Sumaku haizishiki.

Grisi Kiganjani

Hizo chembe zimekujibu, ndugu yangu. Ni beringi za konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki), zile mafundi wanaziita metali. Ganda lake la nyuma ni chuma, lakini tabaka la juu ni madini laini, ndiyo maana sumaku haiokoti unachokiona. Konrodi haikai juu ya krenki moja kwa moja; katikati kuna utando wa oili unaosukumwa na pampu. Presha ikipotea utando unakatika, chuma kinasuguana na chuma, joto linapanda, metali inageuka mahali pake na kugandamana na krenki. Ule mlio mzito wa chini ndio huo.

Na ile taa yako ilikuwa inasema kweli. Injini ikiwa sailensa, yaani inaunguruma bila kukanyagwa mafuta, pampu inazunguka polepole, na oili ikichemka inakuwa nyepesi, kwa hiyo hapo ndipo presha huwa ya chini kuliko wakati wowote. Ukikanyaga mafuta pampu inaongeza kasi, presha inapanda, taa inazima. Kijiti kinapima wingi wa oili, presha hakiijui. Usijilaumu sana, wengi tunaishia kwenye kijiti. Ila kumbuka jambo hilo, nitalirudia chini.

Nimeshusha injini mbili zilizokamata, hapa hapa nyumbani kwangu. Ya kwanza ilikuwa ya manyuali na haikunisumbua: klachi inabaki na flaiwili yake, giaboksi inachomoka. Ya pili otomatiki kama yako, na nilikwama palepale ulipokwama. Nikapoteza siku tatu nikijaribu kulazimisha krenki izunguke. Kwa hiyo nakupa njia niliyoifikia mwisho.

Usihangaike na bolti za konveta gari likiwa limefungwa. Hiyo moja unayoiona ifungue sasa, na ya pili kama spana inashika. Zilizobaki ziache. Toa injini na giaboksi kwa pamoja, zikiwa zimeungana. Kwa gari la magurudumu ya mbele ndiyo njia nyepesi hata kama krenki ingekuwa inazunguka. Zikishatua chini, ziweke sawa juu ya mbao nene, injini kwenye mbao zake na giaboksi kwenye zake, zisiinamiane. Fungua bolti zote zinazounganisha nyumba ya giaboksi na bloku, kisha vuta giaboksi irudi nyuma moja kwa moja, bila kuipindisha. Konveta itabaki imeng'ang'ania injini na kuchomoka kwenye shafti ya giaboksi. Weka beseni pana chini, maana itamwaga oili nyingi.

Sasa unaona uwazi kati ya sahani ya flaiwili na bloku, pande zote. Vichwa vya zile bolti viko humo. Tumia spana ya ringi iliyo bapa. Kama haipiti, isage ubavuni iwe nyembamba. Na hapa ndipo kukamata kunapokusaidia, pengine mahali pekee: hakuna haja ya mtu wa kukushikia flaiwili, krenki imejishika yenyewe.

Usiruhusu uzito wa giaboksi uning'inie kwenye konveta hata kwa dakika moja wakati unavuta. Shafti na pampu ya ndani ya giaboksi havikuumbwa kubeba mzigo huo.

Umeuliza kuhusu hatua nyingine za kitabu. Ipo moja ya hatari. Kitabu kitakwambia upunguze presha ya petroli kwa kuchomoa fyuzi ya pampu na kuwasha injini hadi ijizime. Yako haiwaki wala haizunguki. Mifumo mingi ya injekta za kawaida hubaki na presha ya bar 3 hadi 4 kwenye mpira hata gari likiwa limezimwa. Fanya hivi: chomoa fyuzi ya pampu, chomoa betri ukianza na hasi, acha gari lilale usiku mzima, fungua kifuniko cha tangi, kisha funika kiungo cha mpira kwa tambara nene na ukilegeze polepole injini ikiwa baridi. Vaa miwani. Pasiwe na jiko, sigara, wala taa ya balbu ya moto karibu. Tambara lenye petroli litoe nje mara moja. Kama injini yako ni ya zile zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, niambie kwanza, kwa sababu upande wa pampu kubwa presha yake hupita bar 100 na huwezi kuichezea hivyo.

Kompresa ya AC usifungue mabomba yake. Ifungue bolti zake tu, uifunge pembeni kwa kamba imara, gesi ibaki ndani. Pampu ya pawastelingi vivyo hivyo.

Draivshafti zitoe kabla ya kunyanyua, na kabla ya hapo mwaga oili ya giaboksi. Zitoe kwa kuzibenua kwa nondo bapa pale zinapoingia kwenye giaboksi. Ukishika shafti na kuivuta, joint ya ndani itaachana vipande vyake vikabaki humo.

Kreni sasa. Injini kama yako pamoja na giaboksi inaweza kuwa kilo 150 hadi 200 hivi, na kreni karibu yoyote inabeba hizo, lakini angalia maandishi kwenye mkono wake. Kila unapouvuta mkono urefuke, uwezo wake unashuka. Kreni inayobeba tani moja mkono ukiwa mfupi inaweza kubakiwa na robo ya hapo ukiwa umenyooka wote. Funga mnyororo kwenye masikio ya kunyanyulia yaliyo kwenye injini yenyewe, usifunge kwenye manifoldi wala kifuniko cha valvu. Ukishavuka shoo ya mbele ya gari, ishushe iwe sentimita chache juu ya sakafu ndipo usukume kreni. Kreni inapinduka ikisukumwa mzigo ukiwa juu. Na mtu asipitishe mguu wala mkono chini ya injini inayoning'inia, awe wewe, awe mtoto aliyekuja kuangalia.

Narudi kwenye ile taa. Usifunge injini mpya kabla hujafungua sampu (karai la oili chini ya injini) ya ile ya zamani. Najua utakuwa umechoka na utataka gari litembee. Lakini kuna kitu kilichokata presha ya oili, na hukijui bado. Fungua sampu, angalia chujio la kunyonyea oili, angalia pampu. Nitumie jibu.

Subira na Dizeli

Mimi naona mnakimbilia mbali. Mimina dizeli kwenye matundu ya plagi, acha siku tano, kisha jaribu tena na bomba refu. Injini ya trekta la mzee wangu ilikaa miaka bila kuwashwa, ikalainika hivyo hivyo na inafanya kazi hadi leo.

Grisi Kiganjani

Kwa lile trekta ulifanya sawasawa kabisa, mkuu. Lilikamata kwa kutu: ringi za pistoni ziligandana na kuta za silinda kwa sababu ya unyevu na kukaa. Dizeli inapenya kwenye kutu. Hii ya Boneti Wazi ilikamata ikiwa kwenye mwendo, moto, na kinachoshika kiko chini kwenye krenki. Dizeli itakaa juu ya pistoni na haitafika kwenye metali. Hata ukiilazimisha kwa bomba la mita mbili ikazunguka, krenki imeshachanika. Itahitaji kusagwa kwenye karakana yenye mashine, metali nene zaidi, na konrodi kupimwa. Ni kazi halali na wapo wanaopaswa kuifanya, hasa injini isiyopatikana. Yeye ameshapata nyingine.

Waya wa Ethi

Naomba kuongeza mambo mawili ambayo hayajaguswa, maana kazi yangu ni umeme wa magari na wateja wanaoletwa kwangu baada ya kubadilisha injini nyumbani ni wengi.

Kaka, piga picha kila plagi ya waya kabla hujaichomoa, na picha nyingine ya mbali inayoonyesha imetokea wapi. Kisha funga kipande cha tepu ya karatasi pande zote mbili, uandike namba ileile. Sensa mbili zinaweza kuwa na plagi za umbo moja, na ukizigeuza injini inaweza kuwaka lakini itatetemeka na utahangaika wiki nzima. Bolti zichomeke kwenye boksi la karatasi ulilochora umbo la kile ulichofungua. Bolti ndefu ikiingia kwenye tundu la bolti fupi inaweza kupasua bloku.

La pili ni jina langu hapa. Kuna waya mnene au mkanda uliosukwa unaotoka kwenye injini au giaboksi kwenda kwenye bodi. Huo ndio ethi, na ndio unaosahaulika kuliko vyote, kwa sababu ukiwa haupo gari bado linaweza kuwaka. Umeme wa stata unatafuta njia nyingine ya kurudi: unapita kwenye kebo ya gia, kebo ya aksileta, waya mwembamba wa sensa. Nimeona kebo ya gia iliyoyeyuka ganda lote kwa sababu hiyo. Usugue mahali pake kwa msasa mpaka chuma king'ae, ndipo ufunge.

Boneti Wazi

Wakuu, imeshuka!

Siku mbili nzima, mimi na mdogo wangu. Petroli nilifuata kama ulivyosema, Grisi; hata baada ya kulala usiku mzima ilitoka kwa msukumo, tambara likalowa lote. Namshukuru Mungu nilivaa miwani. Draivshafti ya kushoto ilitoka kwa pigo moja, ya kulia ilinichukua saa tatu.

Konveta ilibaki kwenye injini kama ulivyoeleza, ikamwaga oili nusu beseni. Spana ya ringi namba 14 haikupita, nikaisaga ikabaki milimita 6 hivi. Bolti ya juu kabisa niliigeuza kidogo kidogo, robo ya robo, lakini zote zimetoka na hakuna iliyovunjika.

Sasa sampu. Nataka kila mtu asome hapa. Chujio la kunyonyea oili limezibwa na silikoni. Vipande vyekundu, vingine virefu kama tambi, vimejibandika kwenye wavu mpaka limebaki tundu la ukubwa wa kidole. Mwaka jana nilipeleka gari likazibwe kuvuja sampu, na aliyeifunga alipaka silikoni nene kuzunguka ukingo wote. Ilipobanwa, nusu ilitoka nje na nusu ikaingia ndani. Imekuwa ikimeguka kidogo kidogo tangu wakati huo. Konrodi ya silinda ya 3 ndiyo iliyoganda, rangi yake imekuwa bluu kwa moto.

Nikasimama pale nikaitazama ile injini nyingine niliyonunua, nikaona siwezi kuifunga bila kuifungua sampu nayo. Ndani ni safi, matope kidogo tu, silikoni hakuna. Nimeosha chujio, nimebadili sili ya nyuma ya krenki, pampu ya maji, thamostati, belti na plagi. Nimezilinganisha injini mbili bega kwa bega: maunti sawa, meno ya flaiwili sawa, ila sensa moja ya oili plagi yake tofauti, nimehamisha ya zamani. Sampu nimeirudisha kwa uzi mwembamba wa silikoni, milimita 3, unaopita upande wa ndani wa matundu ya bolti kama kitabu kilivyochora.

Swali langu la mwisho: konveta nimeirudisha kwenye giaboksi. Imeingia, inazunguka. Najuaje imefika mwisho?

Grisi Kiganjani

Hujanifurahisha kidogo, umenifurahisha sana. Injini hiyo ya pili ingeweza kufa kifo kilekile na usingejua kwa nini.

Kwanza, umebadili oili sili ya pale mbele ya giaboksi, inayokumbatia shingo ya konveta? Kama bado, chomoa konveta ubadili. Sili hiyo ni kitu kidogo, lakini kuifikia baadaye ni kushusha kila kitu upya. Na mimina oili safi ya giaboksi ndani ya konveta kabla ya kuirudisha, isianze kavu.

Halafu fahamu kwamba konveta haiingii mara moja. Inashika vitu vitatu kwa zamu: meno ya shafti ya ndani, meno ya bomba lililoizunguka, na mwisho mikato inayozungusha pampu ya oili. Isukume huku ukiizungusha taratibu. Utasikia ikianguka "tuk", kisha "tuk" tena. Wengi wanaishia kwenye ya pili. Inazunguka vizuri tu, lakini pampu haijashikwa.

Weka rula ya chuma ivuke uso wa nyumba ya giaboksi kutoka ukingo hadi ukingo, upime kina kutoka kwenye rula hadi kwenye masikio ya bolti za konveta. Kitabu chako kinatoa namba hiyo, isipofika bado haijaingia. Kisha unapoikutanisha na injini, angalia kwanza pini mbili za kulenga zipo kwenye bloku. Nyuso mbili zikutane kabisa kwa kusukuma kwa mkono. Zikishakutana, konveta iwe bado inazunguka bure na kuna nafasi ya milimita chache kati yake na sahani ya flaiwili, ambayo utaivuta mbele na bolti zake 6.

Kama nyuso hazikutani, usizivute kwa bolti za giaboksi. Chomoa uanze upya. Ukizivuta kwa bolti utasikia zinakaza vizuri, zitafunga, na pampu ya giaboksi itakuwa imeshapasuka kabla hujawasha. Mimi nilizikaza hadi bolti ya tatu ndipo nikaona sahani imepinda, nikaacha. Hiyo ndiyo sababu naandika kwa urefu hivi.

Siku ya kuwasha, acha fyuzi ya pampu ya petroli nje na plagi za koili zimechomolewa. Zungusha kwa stata sekunde kumi, pumzika, rudia, mpaka taa ya oili izime yenyewe. Ndipo urudishe kila kitu na kuwasha.

Namba 19

Na namba ya injini, mkuu. Sehemu nyingi namba hiyo imeandikwa kwenye kadi ya gari. Ipige picha sasa kabla haijafunikwa na mabomba, utunze na hati ya kununulia injini, ukabadilishe kumbukumbu. Baadaye itakulazimu ulale chini ya gari na kioo na tochi kuitafuta.

Boneti Wazi

Grisi, ilikuwa bado. Nilipoweka rula ilikosa kama milimita 8. Niliichomoa, nikabadili sili, nikajaza oili, nikairudisha mara nne. Mara ya nne nikasikia "tuk" ya tatu, ndogo sana, karibu niikose. Nikapima, namba ikakaa sawa na ya kitabu. Nyuso zikakutana kwa mkono.

Jana asubuhi nimewasha. Mizunguko mitatu ya sekunde kumi bila petroli, taa ya oili ikazima katikati ya mzunguko wa tatu. Nikarudisha fyuzi na koili. Injini ikawaka mara ya pili. Nimejaza maji ya rejeta huku hita ikiwa kwenye moto, mapovu yametoka kama robo saa hadi thamostati ikafunguka na mpira wa chini ukapata joto. Feni imewaka yenyewe, ikazima yenyewe. Ethi nimeifunga, dada, chuma kinang'aa.

Sikutaka kuiamini taa peke yake safari hii. Nimeazima geji ya presha, nikaifunga mahali pa sensa ya oili. Injini ikiwa imechemka kabisa: bar 1.4 sailensa, bar 3.6 kwenye mizunguko 3,000. Nimezunguka mtaani kilomita 12. Giaboksi inabadilisha laini, na rivasi inashika bila kuchelewa.

Grisi Kiganjani

Presha hiyo ni nzuri. Usiipeleke mbali wiki hii. Ikifika kilomita 500 mwaga oili, badili filta, na hiyo filta utakayotoa ikate kwa msumeno, uikunjue karatasi yake yote juani. Ukikuta hata chembe moja inayometa, piga picha uilete hapa.